Mfamasia wa kwenye simu akiuliza sana, usimkatie

Siku hizi mzazi ambaye mtoto wake amechemka usiku anaweza kupata dawa bila kutoka nyumbani. Anapiga picha chupa ya dawa iliyoisha, anaituma WhatsApp kwenye namba ya famasi aliyoizoea, analipa kwa simu, na baada ya muda bodaboda anagonga geti akiwa na mfuko mdogo wa karatasi. Kwa mama aliyebaki peke yake na watoto watatu, huo ni msaada mkubwa.

Hata hivyo, kati ya ile picha na ile bodaboda kuna dakika chache zinazoamua kama mtoto atapata dawa sahihi. Ni dakika ambazo mtu wa upande wa pili anauliza: mtoto ana kilo ngapi, homa imeanza lini, amepewa nini tangu asubuhi, chupa imeandikwa nini pembeni. Wapo wazazi wanaoona maswali hayo ni usumbufu. Mtoto analia, salio linakwisha, na huyu anauliza kama polisi. Baadhi hukata simu na kutafuta duka jingine lisilouliza.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Kwenye famasi ya simu, maswali ndiyo macho na mikono ya mfamasia. Anayeuliza sana anafanya kazi yake, na anayejibu haraka bila kuuliza ndiye wa kuogopwa. Jambo hili wanafunzi wanaosomea famasi wanalijua vizuri kuliko wazazi wengi, na wasiwasi wao una somo kwa kila nyumba yenye mtoto mdogo.

Wanaipenda, lakini wana hofu

Huduma ya famasi kwa mbali, ambayo wataalamu huiita telefamasia, ni pale mfamasia anapohakiki cheti cha daktari, kutoa ushauri wa matumizi ya dawa au kufuatilia maendeleo ya mgonjwa kwa simu, ujumbe au video, bila wawili hao kuwa chumba kimoja. Janga la Uviko-19 lilipoanza mwaka 2020, watu wakiogopa kukaa kwenye foleni, huduma hiyo ilipata nguvu katika nchi nyingi.

Katika miaka iliyofuata, watafiti wa vyuo vikuu katika nchi kadhaa, zikiwamo Malaysia, Indonesia na Saudi Arabia, waliwauliza wanafunzi wa famasi wanaionaje huduma hii. Picha inayojitokeza inafanana. Wanafunzi wengi wanaona faida yake: inamfikia anayeishi mbali na mji, mzee asiyeweza kutembea, mgonjwa wa muda mrefu anayehitaji kukumbushwa dawa zake na mzazi asiyeweza kuacha watoto peke yao. Vijana hawa wamekua na simu mkononi, hivyo teknolojia yenyewe haiwatishi.

Kinachowatia hofu ni mambo mengine. Wanaogopa kukosea kwa sababu hawamwoni mgonjwa. Wanaogopa siri za wagonjwa kuvuja. Wanahofia mtandao kukatika katikati ya maelezo. Wengine wanasema masomo yao hayajawaandaa vya kutosha kumhudumia mtu wasiyemwona.

Hofu hiyo ina msingi. Nchini Tanzania, shahada ya famasi huchukua miaka 4, kisha mhitimu hufanya mwaka mmoja wa mafunzo kazini chini ya usimamizi kabla ya kujitegemea. Sehemu kubwa ya kazi ya kutoa dawa hujifunzwa dirishani, ana kwa ana. Hapo mwanafunzi anamwona mtoto mgongoni mwa mama: analia kwa nguvu au amelegea, midomo imekauka au ina mate. Anaona cheti cha daktari kwa macho yake. Anashika chupa na kumwonyesha mama mstari wa kupimia kwa kidole. Mwisho anamwomba arudie maelezo, na usoni anaona kama ameelewa au anaitikia tu ili aondoke.

Kwenye simu, yote hayo hayapo. Mtoto hamwoni, chupa haishiki, uso wa mama hauonekani. Kilichobaki ni sauti na maneno. Kwa hiyo kila alichokuwa anakipata kwa jicho inabidi sasa akipate kwa swali. Mzazi akilikwepa swali, hakuna njia nyingine ya mfamasia kujua.

Umbali haukuanza na WhatsApp

Kumhudumia mgonjwa wa mbali ni kazi ya miaka mingi kuliko simu janja. Nchini Australia, ambako familia za wafugaji huishi mamia ya kilomita kutoka hospitali, huduma ya madaktari wa ndege ilianza mwaka 1942 kugawa masanduku ya dawa kwenye makazi ya mbali. Kila dawa ndani ya sanduku ilipewa namba. Mtu akiugua, familia iliongea na daktari kwa redio, daktari akauliza maswali yake, kisha akaelekeza namba ya dawa ya kutoa na kiasi chake. Namba ziliwekwa ili mtu asiyejua majina magumu ya dawa, anayesikiliza redio yenye mikwaruzo, asichukue chupa isiyo yake.

Nchini Marekani, jimbo la North Dakota lilikuwa la kwanza kuruhusu famasi za vijijini kufanya kazi bila mfamasia kuwapo dukani muda wote. Kanuni zilibadilishwa mwaka 2001, na mradi ukaanza mwaka uliofuata, kwa sababu famasi za vijijini zilikuwa zinafungwa na wananchi kubaki bila huduma. Pale dukani hubaki fundi dawa aliyefunzwa, na mfamasia aliye mji mwingine humwangalia kwa video, hukagua dawa kabla haijatoka, kisha huzungumza na mgonjwa.

Mifano hii miwili ina fundisho moja. Watu walipokuwa mbali, hatua za uangalizi ziliongezwa. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa mgonjwa yuko mbali, basi maswali yapunguzwe.

Kijiko kilekile, dawa mara mbili

Mfano wa kawaida kabisa ni dawa ya homa ya maji, parasetamo. Mzazi anaandika: "Nipe dozi ya mtoto wa mwaka mmoja." Ombi linaonekana limekamilika, lakini bado.

Dozi ya parasetamo kwa mtoto huhesabiwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja, kwa mara moja. Mtoto wa kilo 10 anahitaji kati ya miligramu 100 na 150 kila anapopewa. Sasa, zipo chupa za parasetamo ambazo kila mililita 5 zina miligramu 120 za dawa. Zipo pia ambazo mililita 5 hizohizo zina miligramu 250. Kwa macho, chupa zinaweza kufanana.

Mtoto huyo wa kilo 10 akipewa mililita 5 za chupa ya kwanza, anapata miligramu 120, na dozi iko sawa. Akipewa mililita 5 za chupa ya pili, anapata miligramu 250, kiasi kinachozidi kwa mbali kile anachotakiwa kupata kwa mara moja. Bibi akirudia baada ya saa mbili kwa sababu homa haijashuka, na dada wa kazi akatoa tena bila kujua bibi ameshatoa, parasetamo inarundikana mwilini na anayeumia ni ini la mtoto. Kwa kawaida dawa hii hutolewa kila baada ya saa 4 hadi 6, na isizidi mara 4 ndani ya saa 24.

Ndiyo maana mfamasia anauliza: "Soma pembeni ya chupa, mililita 5 zina miligramu ngapi?" Na ndiyo maana anauliza mzazi anapimia nini. Vijiko vya chai vya nyumbani havina ukubwa mmoja. Sirinji isiyo na sindano, au kikombe kidogo cha kupimia kinachokuja na dawa, ndicho kipimo cha kuaminika.

Dawa mseto ya malaria, ALu, ni mfano mwingine. Kwa vidonge vya watoto, mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kila dozi. Mwenye kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa viwili. Maana yake, mtoto wa kilo 14 na wa kilo 15 wanatofautiana kilo moja tu, lakini mmoja anahitaji dawa mara mbili ya mwenzake. Mzazi anayekisia "kama kilo 14 hivi" wakati mtoto ameshafika 16, anampa nusu ya dawa anayohitaji, na vimelea vinabaki.

Hapo bado hakijaulizwa kipimo. Homa peke yake haithibitishi malaria, hivyo mtoto anapaswa kupimwa kabla ya kupewa dawa mseto. Mfamasia anayesema kwenye simu, "Mpeleke akapimwe kwanza," ametoa huduma nzuri ingawa hajauza kitu.

Chupa inayofika ikiwa na unga

Kuna kazi ambazo dirishani hufanywa na mtoa dawa na mzazi hazioni. Antibayotiki nyingi za watoto hutoka kiwandani zikiwa unga ndani ya chupa. Kwenye duka, mara nyingi mhudumu ndiye anayetia maji na kuitikisa mbele ya mteja. Dawa ikiletwa na bodaboda, kazi hiyo inaweza kumwangukia mama jikoni.

Kabla ya kumaliza mazungumzo, mzazi anapaswa kujua mambo manne: maji yawe yaliyochemshwa na kupoa; yafike kwenye alama iliyo kwenye chupa, yasipungue wala kuzidi; chupa itikiswe kila mara kabla ya kupima; na dawa ikishachanganywa itumike kwa siku zilizoandikwa kwenye lebo, mara nyingi 7 au 14, kisha inayobaki imwagwe. Maji yakizidi, dawa inakuwa nyepesi na mtoto hapati dozi. Yakipungua, anazidishiwa.

Hapa ndipo ile picha ya chupa ya zamani inapoleta mgogoro. Mzazi anatuma picha ya antibayotiki aliyopewa mtoto mwaka jana na kusema, "Nataka hii hii, ilimsaidia." Mfamasia anakataa bila cheti cha daktari. Mzazi anakasirika. Lakini kikohozi cha mwaka jana na cha mwaka huu vinaweza kuwa na vyanzo tofauti, na mafua yanayotokana na virusi hayaponi kwa antibayotiki. Kila dawa hizi zinapotumika pasipohitajika, vijidudu vinazoea, na siku mtoto anapozihitaji kweli hazifanyi kazi. Mwanafunzi anayeogopa kwamba wateja watamkimbilia jirani asiyekataa, anaogopa kitu kilichopo. Wazazi ndio wenye uwezo wa kuiondoa hofu hiyo.

Simu inapofika mwisho

Swali zuri kwenye simu linaweza kuokoa maisha bila dawa yoyote kutoka dukani. Mtoto anakohoa, na mama anataka dawa ya kikohozi. Mfamasia aliyefunzwa vizuri anaweza kumwomba amfunue mtoto kifua akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, kisha ahesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika moja kamili akiangalia saa ya simu.

Mtoto wa chini ya miezi 2 anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, wa miezi 2 hadi chini ya miezi 12 anayefika 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi 5 anayefika 40 au zaidi, anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida. Hiyo inaweza kuwa nimonia. Dawa ya kikohozi haitamsaidia. Anatakiwa kuonwa na mhudumu wa afya.

Zipo pia dalili ambazo zikitajwa tu, mazungumzo ya dawa yanapaswa kukoma na safari ya kituo cha afya kuanza: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea na ni vigumu kumwamsha. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa naye asisubiri. Bodaboda wa kuleta dawa atumike kumpeleka mama na mtoto hospitali, kama hakuna usafiri mwingine.

Kuharisha nako kuna maswali yake. Mfamasia atataka kujua kama mtoto anakojoa, kama macho yameingia ndani, kama kuna damu kwenye choo. Kama hali inaruhusu kuhudumiwa nyumbani, atashauri maji ya chumvichumvi ya ORS, yaliyochanganywa kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Wazazi wengi huacha zinki kuharisha kunapokoma siku ya tatu. Simu ya ufuatiliaji siku hiyo ya tatu, inayouliza tu "zinki bado mnaendelea nayo?", inaonyesha ubora wa huduma hii kuliko kasi ya kufikisha mzigo.

Siri ya mtoto ni ya nani

Jambo la pili linalowasumbua wanafunzi ni faragha. Dirishani, mzazi anaweza kuinama na kunong'ona. Kwenye WhatsApp, picha ya kadi ya kliniki yenye jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na historia yake inabaki kwenye simu ambayo huenda inashikwa na wafanyakazi watatu kwa zamu.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti. Mzazi ana haki ya kuuliza: nani anasoma ujumbe huu, na picha hizi mnazifuta lini? Famasi makini haitaudhika na swali hilo.

Nyumbani nako kuna upande wake. Simu ya mama ikiwa ndiyo simu ya familia nzima, ujumbe kuhusu dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi za baba, au uzazi wa mpango wa dada, unaweza kusomwa na asiyehusika. Kuna mambo yanayostahili kupigiwa simu badala ya kuandikwa, na yapo yanayostahili kufuatwa dirishani kwa miguu. Na picha ya mtoto mwenye vipele haina kazi kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule, hata kama kila mmoja ana dawa ya kushauri.

Nani yuko upande wa pili

Sauti nzuri haitoshi kuwa ushahidi wa taaluma. Kwa Tanzania Bara, Baraza la Famasi ndilo linalosajili wafamasia na famasi. Yapo pia maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, ambao umesogeza huduma hadi vijijini. Watoa dawa wake wamepewa mafunzo maalumu, lakini si wafamasia, na dawa wanazoruhusiwa kuuza zina orodha yake. Mwanafunzi aliye kwenye mazoezi naye anaweza kupokea simu, ila awe na msimamizi jirani wa kumuuliza.

Kwa hiyo maswali yaende pande zote mbili. Mzazi anaweza kusema bila ukali: "Samahani, naongea na nani? Wewe ni mfamasia? Duka lenu liko wapi?" Namba isiyo na duka linalojulikana, inayouza dawa kwa tangazo la mtandaoni na bei ya kushangaza, isiaminiwe na afya ya mtoto. Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari kuhusu dawa 4 za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na kemikali zenye sumu, zilizohusishwa na kuumia kwa figo na vifo vya watoto 66. Kwa macho, dawa ya maji yenye sumu na iliyo salama hazitofautiani. Kinga ya kwanza ya mzazi ni kujua dawa imetoka wapi.

Mfuko ukifika, aukague kabla bodaboda hajaondoka. Jina la dawa ni lile waliloongea? Mfuniko umefungwa bado? Tarehe ya mwisho wa matumizi inasomeka? Nguvu ya dawa, zile miligramu kwa mililita, ni ileile iliyotajwa kwenye simu? Kama duka halikuwa na aina waliyozungumza likaweka nyingine, dozi inaweza kubadilika, na inabidi kupiga tena kabla ya kutoa tone la kwanza.

Wazazi wenye mtoto anayesomea famasi

Baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu wako upande mwingine kabisa: wana kijana chuoni anayesomea fani hii. Familia imeuza shamba au kukopa kwenye chama ili asome, na matumaini ni kwamba siku moja atafungua duka lake barabarani. Anaporudi likizo akizungumzia ushauri kwa simu na ufuatiliaji wa wagonjwa, baba anauliza, "Sasa hapo unauza nini?"

Swali hilo la baba limebeba mzigo mkubwa kuliko linavyoonekana. Kijana akilelewa kuamini kwamba kipato chake ni idadi ya chupa zinazotoka, siku atakayopokea simu ya mama mwenye haraka atatafuta njia fupi ya kuuza. Akijua kwamba familia yake inaheshimu ushauri kama inavyoheshimu mauzo, atapata ujasiri wa kusema "hapana, mpeleke hospitali."

Nyumbani pia ni mahali pa mazoezi. Akiwa likizo, shangazi anapopiga kuuliza dawa za presha, aachwe aulize maswali yake yote kwa utaratibu, hata kama shangazi anacheka kwamba mtoto wa juzi anamhoji. Akishindwa jibu, aseme atauliza kwa msimamizi wake, na asionekane ameaibika kwa kusema hivyo. Vyuo navyo vina deni la kuwapa wanafunzi mazoezi ya kumhudumia mtu wasiyemwona, kama wanavyowapa ya dirishani, maana ndiko wateja wengi wanakoelekea.

Kabla ya kupiga

Wakati mwingine mtoto akichemka usiku, dakika mbili za maandalizi zitarahisisha mambo. Mzazi awe na kadi ya kliniki mkononi yenye uzito wa karibuni. Kama ni wa zamani, apande mizani akiwa amembeba mtoto, kisha apande peke yake, atoe. Awe na chupa zote alizotumia tangu asubuhi, zikiwamo za asili, na saa alizotoa kila moja. Ajue kama mtoto amewahi kuvimba au kutoka vipele kwa dawa fulani. Awe na kipimajoto kama kipo, kalamu na karatasi. Aliyekaa na mtoto mchana ndiye ashike simu, hata kama ni dada wa kazi, kwa sababu yeye ndiye anayejua alichokula na alichotapika.

Kisha asikilize hadi mwisho. Mfamasia mzuri atamaliza kwa ombi linaloweza kumchosha mtu mwenye usingizi: "Hebu nirudie ulivyoelewa." Mzazi asijibu "nimeelewa, asante." Arudie kwa sauti, aliye karibu naye pia asikie: dawa gani, mililita ngapi, kwa sirinji au kikombe, kila baada ya saa ngapi, mwisho lini, na dalili ipi ikitokea waende hospitali bila kusubiri asubuhi. Kisha aandike kwenye karatasi na kuibandika jikoni, ili bibi akiamka saa 11 alfajiri ajue dawa imetolewa saa ngapi.